Sura ya Saba: Utamu Usiopitia kwenye Ngano

Ukifika Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, kabla ya saa mbili asubuhi, utakuta ngano imeshaamka. Chapati zinageuzwa kwenye vikaango vyeusi kando ya barabara, mandazi yanaelea mafutani, na kijana wa rolex anapasua mayai bila hata kuyatazama. Anayetaka kufungua kinywa kwa pesa kidogo anapita hapo: mwanafunzi, dereva wa bodaboda, fundi cherehani, mama anayesubiri zamu yake kwenye ofisi ya wakimbizi. Na bado Isingiro si wilaya ya ngano. Ni wilaya ya matoke, ng'ombe wa pembe ndefu na mahindi. Ngano kidogo inayolimwa Uganda hutoka mbali, kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Sebei, huko Kapchorwa, Kween na Bukwo. Iliyobaki, ambayo ndiyo sehemu kubwa, huja kwa meli mpaka bandarini, kisha kwa lori.

Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya unga wa ngano ilipanda na chapati zikapungua unene. Tarehe 1 Mei mwaka huo, siku ya wafanyakazi, Rais Museveni, ambaye mwenyewe ni mtu wa Ankole, aliwaambia Waganda wanaolalamika kukosa mkate wale muhogo, na akaongeza kwamba yeye binafsi hali mkate. Watu walicheka, wengine walikasirika. Kama jibu kwa mtu aliyekwama na bei za sokoni, lilikuwa jibu jepesi mno. Kama ushauri wa lishe kwa watu fulani wachache, sijui rais mwingine aliyewahi kutoa ulio bora zaidi. Sura hii inawahusu hao wachache, na hasa ile sehemu ya maisha yao ambayo madaktari huipita haraka: kitu kitamu cha kula na chai.

Ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya baridi iitwayo rai kuna protini ambazo kwa pamoja huitwa gluteni. Ukikanda unga wa ngano kwa maji, protini hizo hushikana na kufanya wavu unaovutika. Wavu huo ndio unaomwezesha mpishi wa chapati kuurusha unga hewani usichanike, na ndio unaokamata hewa ya hamira mpaka mkate ukavimba. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, protini hizohizo huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe. Vinyweleo vya ndani vya utumbo mwembamba, vinavyonyonya chakula, hulala na kuisha. Mgonjwa hula na bado hakui. Tumbo hujaa gesi, choo huwa chepesi, damu hupungua, mifupa hudhoofika. Dawa ya kumeza hakuna. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Hadithi ya jinsi jambo hili lilivyogunduliwa inapitia kwenye ndizi, na mtu wa Mbarara, mji jirani wa matoke, ana haki ya kuifurahia. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alitangaza kwamba amewaponya watoto wenye ugonjwa huu kwa kuwalisha ndizi mbivu kwa wingi na kuwanyima mkate, viazi na nafaka. Watoto waliokuwa mifupa mitupu walinenepa. Kwa miaka mingi ndizi ziliaminiwa kuwa dawa, na wazazi wa Marekani walizitafuta kama watu wanavyotafuta kwinini. Ndizi hazikuwa zimeponya chochote. Zilikuwa zimekaa tu mahali pa mkate, na Haas hakuona kwamba aliyeondoka mezani ndiye mwenye kosa.

Aliyeona ni Mholanzi, Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto wa The Hague. Inasimuliwa kwamba mama mmoja alimweleza katika miaka ya 1930 kuwa hali ya mwanawe hupata nafuu kila anapomwondolea mkate, na Dicke, tofauti na madaktari wengi, alimsikiliza. Kisha ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Uholanzi ikiwa chini ya Wajerumani. Mkate ulitoweka. Watu walikula hata vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto wagonjwa wa Dicke hawakuzidiwa kama ilivyotazamiwa, na mkate uliporudi maradhi yakarudi nao. Mwaka 1950 aliyaandika yote hayo katika tasnifu yake ya Utrecht, na tangu hapo ngano ikajulikana.

Kuna kisa kingine kinachoigusa Nakivale kwa karibu zaidi, japo kilitokea jangwani. Wasahrawi waliokimbia Sahara Magharibi tangu 1975 wanaishi kwenye kambi karibu na Tindouf, Algeria, na kwa muda mrefu chakula chao cha msaada kimekuwa ngano kwa wingi. Watafiti walipowapima karibu watoto elfu moja wa Kisahrawi na kuchapisha matokeo mwaka 1999, walikuta asilimia 5.6 wana siliaki, kiwango kikubwa kuliko kilichokuwa kimeonekana kwingine kokote. Urithi wa damu ulichangia, na ngano ya kila siku ikachangia. Kwingi duniani makadirio ni kama mtu mmoja katika kila mia.

Kwa Afrika Mashariki picha ni ya ukungu. Siliaki haitafutwi sana, na dalili zake zinafanana na za minyoo, amiba na utapiamlo, maradhi ambayo kliniki yoyote ya makazi ya wakimbizi huyaona kila siku na kuyatibu kabla ya kufikiria jingine. Ndiyo maana wapo wanaoujua ugonjwa wao baada ya kuhamishiwa Marekani au Kanada, ambako kipimo cha damu ni jambo la kawaida. Ukishuku una tatizo hili, usiache ngano kwanza ndipo uende hospitali. Kipimo cha damu hutafuta alama za vita mwilini, na vita hutulia adui akiondoka. Endelea kula kama kawaida mpaka upimwe, kisha uache.

Tuje kwenye chakula. Nakivale ilianza kupokea wakimbizi wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanaishi humo watu zaidi ya 150,000: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Kila kundi lilikuja na mikono yake ya kupika. Mtu aliyekatazwa ngano akiwa katikati ya mikono yote hiyo ana bahati kuliko mwenzake wa Ulaya anayenunua mkate mkavu wa bei ya nyama, uliofungwa kwenye karatasi yenye picha ya shamba. Kosa la wengi ni kuanza kwa kutafuta mkate ule ule, chapati ile ile, keki ile ile, bila ngano. Ukianza hivyo kila unachokula kitakuwa mbadala, na mbadala hauna utamu. Anza na vitu ambavyo havikuwahi kuwa na ngano tangu mwanzo.

Cha kwanza ni kabalagala. Uganda nzima inakijua: kimkate chembamba cha rangi ya kahawia, kitamu, kinachovutika kidogo mdomoni, mara nyingine na pilipili inayokuja nyuma. Hutengenezwa kwa vitu viwili tu, ndizi mbivu ndogo zile tunazoita sukali ndizi na unga wa muhogo. Ndizi ziwe zimeiva kupita kiasi cha kuuzika, ganda lina madoa meusi na harufu imejaa chumba. Zimenye, uzipondeponde kwa mkono bila tone la maji mpaka ziwe laini kabisa, kisha uongeze unga wa muhogo kidogo kidogo huku ukikanda. Ukizidisha unga, kitakuwa kigumu kama soli. Ukipunguza, hakitakatika. Kipimo ni mkono: donge liache kushika vidole lakini libaki laini. Changanya pilipili iliyosagwa ukipenda. Sukuma kwa unene wa kidole kidogo, kata kwa mdomo wa glasi, ukaange kwa moto wa wastani. Moto mkali huunguza sukari ya ndizi kabla katikati hapajaiva.

Kinachoshikilia kabalagala ni wanga wa muhogo, ambao ukipata joto na unyevu huwa laini na wenye kuvutika. Katika nafaka na mizizi yote ya eneo hili, muhogo ndio unaokaribia zaidi kufanya kazi ya gluteni, ingawa kwa njia nyingine kabisa. Unga uwe wa muhogo uliolowekwa na kukaushwa vizuri, hasa kama ni muhogo mchungu, kwa sababu ile sumu yake haiondoki kwa kukaanga peke yake. Wakongo hawahitaji kufundishwa hilo. Muulize mama yeyote wa mtaa wa New Congo, humo Nakivale, anayeanika muhogo wake kwenye turubai, atakueleza ni siku ngapi majini na kwa nini.

Ila kabalagala la barabarani halina dhamana. Kuna wauzaji wanaochanganya ngano kidogo ili donge lisukumike kwa urahisi, na kuna wanaonyunyiza ngano kwenye meza. Hata aliyetumia muhogo mtupu anaweza kukaanga kwenye mafuta yaliyopikia mandazi tangu alfajiri. Nitalirudia jambo hili mbele, kwa sababu ndilo kiini cha shida yote.

Ndizi haziishii kwenye mafuta. Gonja iliyochomwa kwenye makaa mpaka sukari yake itoke na kuganda juu ni kitu kitamu ambacho hakihitaji mpishi. Ikatwe katikati, ipakwe samli, na Ankole samli si ya kutafuta. Kisha kuna unga wa ndizi mbichi. Mwaka 2005 serikali ilianzisha mradi wa viwanda vya ndizi huko Bushenyi, magharibi mwa Mbarara, ukiongozwa na mtaalamu wa chakula Florence Muranga, na humo ukatoka unga uitwao Tooke. Nia ilikuwa kuokoa matoke yanayooza barabarani wakati wa mavuno. Mwenye kukatazwa ngano alipata faida bila kukusudiwa. Unga wa matoke una rangi ya kijivu, hunywa maji mengi kuliko unavyodhani, na keki yake peke yake hukaa tumboni kama ahadi ya mwanasiasa. Uchanganye nusu kwa nusu na unga wa mchele, ongeza yai moja zaidi ya ulivyozoea, na uuache mchanganyiko upumzike nusu saa kabla ya kuoka ili unga umalize kunywa. Usipopata wa kiwanda, menya matoke mabichi, ukate vipande vyembamba, uanike mpaka vivunjike kwa sauti, upeleke kusaga. Lakini mkate wa ndizi uliokwisha kuokwa na kuuzwa dukani usome vizuri karatasi yake, maana waokaji hupenda kuweka ngano ndani ili uinuke.

Pwani iko mbali na Mbarara, lakini Kiswahili kimefika, na pamoja nacho mapishi. Huko pwani ndiko kwenye hazina ambayo vitabu vya Kizungu vya mapishi bila gluteni havijaifungua: unga mwepesi wa mchele uliotiwa hamira. Vitumbua na mkate wa kumimina havikandwi. Ni uji mzito wa mchele, unaochachuka na kumiminwa, na kwa kuwa haukuhitaji kuvutika hata siku moja, haukosi gluteni.

Loweka mchele usiku kucha, vikombe viwili. Asubuhi uchuje, uusage na tui zito, au kama huna mashine ya umeme, uutwange kwenye kinu ukiwa bado na unyevu na uchekeche. Nazi hufika Mbarara kutoka mbali na hulipiwa safari yake. Mbarara ni mji wa maziwa, una viwanda vikubwa vya maziwa, na maziwa mazito yenye kijiko cha samli yanafanya kazi vizuri mahali pa tui. Mtu wa Lamu atapinga, na ana haki. Chota vijiko vichache vya uji huo, uvipike motoni mpaka viwe vizito vya kung'aa, viache vipoe, uvirudishe kwenye mchanganyiko pamoja na hamira, sukari na iliki. Wanga huo uliopikwa ndio gundi. Huushikilia uji usijitenge na hukamata mapovu ya hamira. Waokaji wa nchi tajiri hununua ungaunga wa kiwandani kwa kazi hiyo. Bibi zetu walikuwa wakipika vijiko vitatu vya uji.

Kwa mkate wa kumimina, ongeza ute wa mayai uliopigwa, upake sufuria nene samli, uipashe, umimine. Moto mdogo chini kwenye sigiri mpaka kingo zishike, kisha funika kwa mfuniko wa bati na upalie makaa juu. Jiko la kuoka lenye vioo si lazima. Sehemu kubwa ya keki za Nakivale huokwa hivyo hivyo, na fundi wa makaa anajua kwa kunusa lini apunguze. Mkate ukiwa tayari huwa na vitundu vitundu, rangi ya dhahabu juu, na kuta nyeupe za unyevu ndani. Usiukate ukiwa moto. Mchele unahitaji kupoa ili ushike.

Hapa kuna mtego wa jina. Anayetoka Mombasa akisikia vitumbua anafikiri mchele. Mtu wa Lubumbashi au Bujumbura anaweza kutumia jina linalofanana na hilo kwa donge la ngano la kukaanga. Nakivale wote wanaishi mtaa mmoja. Uliza unga, usiulize jina.

Wasomali wana halua, ile nyekundu inayotetemeka, ya wanga wa mahindi, sukari, samli, iliki na kungumanga, inayokorogwa mpaka mkono uombe msamaha. Hiyo ni salama ikiwa wanga ni wa mahindi kweli. Anjera yao ya asubuhi mara nyingi ina ngano. Injera ya Kiethiopia ikiwa ya teff tupu haina gluteni na ina madini ya chuma mengi, lakini teff ni ghali nje ya Ethiopia, na wapishi huiongezea unga mwingine. Kashata za karanga na madonge ya simsim kutoka kaskazini hayana shida yoyote. Wimbi, ambao hapa Ankole hupikwa karo, una kalsiamu zaidi ya miligramu 300 kwa kila gramu 100, jambo la maana kwa mtu ambaye mifupa yake imenyonywa miaka mingi. Nasema hivi kwa sababu aliyeacha ngano anaweza kuishia kwenye muhogo na sukari tu, akashiba na bado akadhoofika. Kila donge la muhogo liandamane na yai, karanga au maziwa.

Sasa nirudi kwenye lile jambo la kabalagala la barabarani, ngano inayojichanganya njiani. Kiwango cha kimataifa kinachokubalika kwa chakula kuitwa kisicho na gluteni ni miligramu 20 kwa kilo, na Marekani iliandika kiwango hicho katika kanuni zake mwaka 2013. Ni kiasi kidogo mno. Vumbi la ngano kwenye upawa linaweza kukivuka. Kwa hiyo swali si unga gani peke yake, ni unga umepita wapi.

Wengi huogopa mashine ya kusaga. Mimi naiogopa kidogo. Mashine za Nakivale na za vijiji vya Isingiro husaga mahindi, muhogo, wimbi na mtama wa wenyeji, na ngano huja ikiwa imeshasagwa kwenye mifuko ya kiwanda. Hatari huko ni ule unga wa uji wa mchanganyiko, ambao kila mwenye mashine ana mapishi yake na mwingine hutia ngano. Nenda na nafaka yako mwenyewe, na usisage baada ya mtu wa mchanganyiko. Hatari kubwa iko dukani. Muuzaji ana magunia matatu yaliyo wazi, ngano, muhogo na mahindi, na kikombe kimoja cha kupimia kinachoruka kutoka gunia moja hadi jingine siku nzima. Nunua muhogo uliokauka bado ni vipande, au unga wa mfuko uliofungwa, au nunua gunia kwa kushirikiana na jirani.

Baada ya hapo ni mafuta. Mafuta yaliyokaanga mandazi yana makombo ya mandazi, hata yakichujwa. Halafu meza, kisukumio, na kitambaa cha kufunikia. Nyumbani kwako tenga kikaango kimoja, ukitie alama ya rangi, na uwaambie watu wa nyumba bila aibu. Kwa mama wa Kikongo au wa Kirundi jirani yako, usiseme una ugonjwa wa kigeni usio na jina, atakuonea huruma na kukupa tu. Mwambie, "Mama, ngano inanidhuru, hata kidogo." Ataelewa, kwa sababu kila familia ina mtu asiyekula samaki fulani au asiyekunywa maziwa.

Kuna mahali ambapo hata uchaguzi huo haupo. Kanisa Katoliki linataka hostia iwe ya ngano. Barua ya Roma ya Julai 2003 iliruhusu hostia zenye gluteni kidogo sana, na nyingine ya 2017 ikakazia kwamba isiyo na gluteni kabisa haifai. Anayeshindwa hata hiyo anaweza kupokea divai peke yake. Kwa parokia ya Nakivale, ambako hostia za aina hiyo si kitu cha kuagiza jioni, ni mazungumzo na padri, na mapema kabla ya komunyo ya kwanza ya mtoto.

Heshima ndiyo iliyo ngumu zaidi. Mgeni anapewa chapati kwa sababu chapati ni gharama. Harusi ina keki kwa sababu keki ni picha. Ukimpa mgeni kabalagala mtu anaweza kufikiri umeishiwa. Tangu Julai 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipowapanga wakimbizi wa Uganda kwa uhitaji, wengine wakipata asilimia 60 ya mgao, wengine 30 na wengine bila kitu, fikra hiyo ya kuishiwa imekuwa karibu zaidi. Ninaona kinachosaidia ni kuweka mezani kitu kizuri cha kutazama: mkate wa kumimina uliopikwa kwenye sufuria pana, umekatwa vipande vya almasi, juu umenyunyiziwa ufuta. Hakuna anayeuliza umekosa nini.

Kwa keki ya mtoto, ile ya mishumaa, tumia unga wa mchele vikombe viwili, wa muhogo nusu kikombe, mayai manne, sukari, samli, maziwa, na baking powder ambayo umeisoma kwamba wanga wake ni wa mahindi. Mbegu za chia, ambazo wakulima wengi Uganda wamezijaribu miaka ya karibuni, ukiloweka kijiko kimoja kwenye maji hutoa ute unaozuia keki isipukutike kisu kikiingia. Usiitarajie ipande kama ya ngano. Iokee kwenye vikopo vidogo badala ya sufuria moja kubwa, maana keki isiyo na gluteni hushuka katikati ikiwa pana, na ndogo hazina katikati ya kushuka.

Na mtoto akienda bweni Mbarara, mambo ni mepesi kuliko mzazi anavyohofia, kwa sababu chakula cha shule za Uganda ni posho na maharage, na posho ni mahindi. Tatizo ni chai ya saa nne na mkate wake, na kantini. Mwandikie matroni barua yenye jina la ugonjwa na orodha fupi, amuonyeshe mpishi, na mtoto apewe uji wa mahindi mtupu badala ya mchanganyiko. Kisha mpakie vileja. Ni biskuti za pwani za unga wa mchele, samli, sukari, yai na iliki, zinazofinyangwa mviringo na kuokwa kwa moto mdogo mpaka zikauke bila kuwa nyekundu. Zikipoa kabisa ziweke kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, ukitandika karatasi kati ya safu na safu. Hukaa wiki mbili bila kuharibika, huvumilia barabara ya Isingiro ndani ya taksi, na mtoto akigawia wenzake watatu kitandani hakuna atakayejua kwamba ni chakula cha mgonjwa. Pika nyingi kuliko unavyodhani zitahitajika, na kwenye siku ya kutembelewa uje na kopo la pili.